Kuusoma Mshahara Wako Ukiwa Daktari Aliye Mafunzoni Uingereza: Mwongozo Kamili wa Malipo, Nyongeza na Kodi

Daktari anayepokea hati yake ya kwanza ya mshahara kutoka NHS, yaani Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, hukutana na ukurasa ambao hakuna aliyemfundisha kuusoma chuoni. Upande mmoja kuna mapato yaliyogawanywa vipande vipande, upande wa pili kuna makato, na pembeni kuna herufi na tarakimu kama 1257L zisizo na maelezo yoyote. Wengi huangalia kiasi kilichoingia benki na kuishia hapo. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu makosa katika mishahara ya madaktari wanaohamishwa hospitali kila baada ya miezi minne au sita ni ya kawaida sana, na mtu aliye katika nafasi nzuri zaidi ya kuyagundua ni mwenye mshahara mwenyewe.

Mwongozo huu unafuata fedha tangu kwenye ratiba ya zamu, ambako karibu kila kitu huanzia, hadi kwenye kiasi kinachobaki mkononi. Viwango vilivyotumika ni vya mwaka 2025/26. Mkataba unaozungumziwa ni ule wa mwaka 2016 wa madaktari walio mafunzoni katika Uingereza yenyewe (England). Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina mikataba yao, na Uskoti ina pia viwango vyake vya kodi ya mapato.

Hatua ya kwanza: Fahamu ni mkataba gani uliosaini

Kuna madaktari wa aina mbili wanaofanya kazi bega kwa bega katika wodi moja. Wa kwanza ni yule aliye ndani ya programu rasmi ya mafunzo, ambaye malipo yake yanaongozwa na mkataba wa kitaifa wa mwaka 2016. Wa pili ni yule aliyeajiriwa moja kwa moja na taasisi inayoendesha hospitali, nje ya programu ya mafunzo, na hapa ndipo madaktari wengi waliosomea nje ya Uingereza huanzia. Mkataba wa huyu wa pili hutungwa na mwajiri. Mara nyingi unafanana na ule wa kitaifa, lakini kufanana si kulazimika, na tofauti ndogo katika malipo ya usiku au ya wikendi inaweza kuwa na uzito wa maelfu ya pauni kwa mwaka.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, uliza kwa barua pepe, ili majibu yabaki katika maandishi: nitawekwa katika ngazi gani ya mshahara, na uzoefu wangu wa nje umehesabiwaje, mshahara uliotajwa ni wa saa 40 au ni jumla ya kila kitu, saa zinazozidi 40 zinalipwaje, kazi ya usiku na ya wikendi ina nyongeza gani, na nyongeza za mshahara zinazotangazwa kitaifa kila mwaka zitanihusu au hazitanihusu. Swali la mwisho husahaulika sana. Daktari ambaye mkataba wake haukufungamanishwa na viwango vya kitaifa anaweza kubaki nyuma mwaka hadi mwaka bila kujua.

Hatua ya pili: Tafuta ngazi yako ya mshahara wa msingi

Chini ya mkataba wa kitaifa, mshahara wa msingi hautegemei umri wala idadi ya miaka uliyofanya kazi, bali hatua ya mafunzo uliyofikia. Kuna ngazi tano. Mwaka wa kwanza baada ya shahada, unaoitwa F1, ni pauni 38,831 kwa mwaka. Mwaka wa pili, F2, ni pauni 44,439. Miaka miwili ya kwanza ya mafunzo ya utaalamu ni pauni 52,656. Kuanzia mwaka wa tatu hadi wa tano wa utaalamu ni pauni 65,048, na kuanzia mwaka wa sita hadi wa nane ni pauni 73,992.

Kiasi hicho ni malipo ya saa 40 kwa wiki za mchana wa siku za kazi. Ni madaktari wachache sana wanaofanya kazi kwa mpangilio huo, na ndiyo maana kiasi kilichotangazwa kwenye nafasi ya kazi na kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya mshahara karibu daima hutofautiana. Ukifanya kazi kwa sehemu ya muda, tuseme asilimia 80, mshahara wa msingi hupunguzwa kwa uwiano huohuo, na ni vema kuhakikisha kwamba uwiano ulioandikwa kwenye hati ndio mliokubaliana.

Hatua ya tatu: Igeuze ratiba ya zamu kuwa fedha

Hapa ndipo pa kutulia. Mfumo huu haulipi kwa kuhesabu saa za mwezi mmoja mmoja. Mwajiri huchukua mzunguko mzima wa ratiba, hupata wastani wa kila aina ya kazi kwa wiki, kisha hukulipa kiasi kilekile kila mwezi kwa muda wote utakaokuwa katika idara hiyo. Mwezi uliofanya zamu za usiku nyingi na mwezi uliokuwa likizo hulipwa sawa. Ukilielewa hili, utaelewa pia kwa nini kosa moja mwanzoni hujirudia kila mwezi hadi uhame.

Hati unayohitaji ni mpango wako wa kazi, ambao mwajiri anapaswa kukupatia wiki 8 kabla ya kuanza, pamoja na ratiba yenyewe, ambayo inapaswa kufika wiki 6 kabla. Fungua ratiba, hesabu wiki za mzunguko mmoja kamili, kisha fanya hesabu nne.

Hesabu ya kwanza ni ya saa zote. Jumlisha saa za zamu zote katika mzunguko na ugawanye kwa idadi ya wiki. Wastani huo haupaswi kuzidi 48, isipokuwa umeridhia kwa maandishi kuvuka kiwango hicho, na hata hapo ukomo ni 56. Kila saa inayozidi 40 hulipwa kwa kiwango cha kawaida cha saa, yaani moja ya arobaini ya mshahara wa msingi wa wiki. Haina nyongeza kwa sababu tu imezidi 40, na pia haihesabiwi katika pensheni.

Hesabu ya pili ni ya usiku. Saa zinazoangukia kati ya saa 3 usiku (21:00) na saa 1 asubuhi (07:00) huongezewa asilimia 37 ya kiwango cha saa. Lakini ipo kanuni nyingine muhimu zaidi, nayo husahaulika hata na wanaoandaa mishahara: zamu inayoanza kati ya saa 2 usiku (20:00) na muda mfupi kabla ya usiku wa manane (23:59), ikiwa ni ya saa 8 au zaidi, hupewa nyongeza hiyo kwa saa zake zote hadi saa 4 asubuhi (10:00). Zamu inayoanza 20:30 na kuisha 09:00 ina saa 12 na nusu zenye nyongeza, wala si 10. Aliyehesabiwa 10 anapoteza saa mbili na nusu kila usiku.

Hesabu ya tatu ni ya wikendi. Wikendi huhesabiwa ikiwa umepangiwa zamu yoyote inayoanza Jumamosi au Jumapili, hata ikiwa ni moja tu. Zamu ya usiku inayoanza Ijumaa na kumalizika Jumamosi asubuhi haitoshi peke yake. Gawanya idadi ya wiki kwa idadi ya wikendi ulizopangiwa, kisha posho ni asilimia ya mshahara wa msingi: 15% kwa anayefanya wikendi moja katika kila mbili, 10% kwa moja katika tatu, 7.5% kwa moja katika nne, 6% kwa moja katika tano, 5% kwa moja katika sita, 4% kwa moja katika saba, na 3% kwa moja katika nane. Chini ya hapo hakuna posho. Angalia jinsi ngazi hizi zilivyo kali: wikendi moja iliyosahauliwa katika hesabu inaweza kukushusha ngazi nzima.

Hesabu ya nne inamhusu anayekaa nyumbani akiwa tayari kuitwa hospitali. Hupewa posho ya asilimia 8 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya kuwa tayari, na zaidi ya hiyo hulipwa kwa wastani wa saa ambazo inatarajiwa atazifanyia kazi kweli.

Sasa tuchukue mfano tutakaoutumia hadi mwisho. Daktari wa F2 ana ratiba ya wiki 12 yenye jumla ya saa 564, saa 72 zenye nyongeza ya usiku, na wikendi mbili. Wastani wake ni saa 47 kwa wiki, kwa hiyo ana saa 7 zaidi ya 40. Ana saa 6 za usiku kwa wiki. Na anafanya wikendi moja katika sita. Mshahara wake wa msingi ni pauni 44,439. Saa za ziada ni 7 gawanya kwa 40, mara mshahara wa msingi, ambayo ni pauni 7,777. Nyongeza ya usiku ni asilimia 37 ya 6 gawanya kwa 40, mara mshahara wa msingi, ambayo ni pauni 2,466. Posho ya wikendi, asilimia 5, ni pauni 2,222. Jumla ni pauni 56,904 kwa mwaka, au pauni 4,742 kwa mwezi kabla ya makato. Zaidi ya pauni 12,000 za mwaka wake zinatokana na ratiba peke yake, na hiyo ndiyo sababu ninasisitiza kwamba ukaguzi wa mshahara uanzie hapo.

Linganisha kila mstari wa hesabu yako na mpango wa kazi, halafu linganisha mpango wa kazi na hati ya mshahara. Ni ulinganisho wa aina mbili tofauti. Wakati mwingine idara imehesabu vizuri lakini idara ya mishahara imeendelea kukulipa kwa ratiba ya hospitali uliyotoka.

Hatua ya nne: Fahamu ni nyongeza zipi zipo na zipi hazipo

NHS haimpi daktari aliye mafunzoni bonasi ya mwisho wa mwaka kama yanavyofanya makampuni ya biashara. Kinachofanana na bonasi kimetawanyika katika vipengele vingine.

Kuna posho za kuvutia madaktari katika fani zenye upungufu, zikiwemo udaktari wa familia, magonjwa ya akili na tiba ya dharura. Hizi ni kiasi maalumu kwa mwaka, hazitegemei ratiba, na ile ya udaktari wa familia hulipwa tu wakati ukiwa katika kliniki ya jamii, wala si unapokuwa hospitalini. Anayefanya kazi London huongezewa pauni 2,162 kwa mwaka. Anayehama makazi kwa sababu ya kazi anaweza kurudishiwa gharama, na marejesho ya gharama zinazokubalika hayatozwi kodi hadi pauni 8,000. Omba utaratibu wa marejesho hayo kabla ya kuhama, kwa kuwa waajiri wengi hudai idhini ya awali.

Halafu kuna fedha ambayo ni haki yako lakini haitakuja bila kuidai: malipo ya muda uliobaki kazini baada ya zamu kwisha. Mkataba wa 2016 uliweka utaratibu wa kutoa taarifa kila kazi halisi inapotofautiana na ratiba, na kila mwajiri ana msimamizi wa usalama wa saa za kazi anayefuatilia taarifa hizo. Matokeo yake ni malipo au muda wa mapumziko. Madaktari wapya, na hasa waliotoka nje, huona haya kutoa taarifa wakidhani wataonekana wavivu au wazito wa kazi. Si hivyo. Taarifa hizo ndizo zinazoonyesha kwamba wodi ina watumishi pungufu, na pasipo hizo ratiba itaendelea kudai kwamba zamu huisha kwa wakati.

Kipengele cha mwisho ni malimbikizo. Nyongeza ya mshahara ya kila mwaka huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Aprili lakini mara nyingi hutangazwa na kulipwa miezi kadhaa baadaye, kwa mkupuo. Mwezi huo makato yatakuwa makubwa, nawe usishtuke: fedha hiyo haina kiwango chake maalumu cha kodi. Kama ulihama mwajiri katikati, mwajiri wa zamani ndiye anayewajibika kwa miezi uliyokuwa kwake, na mara nyingi atahitaji kukumbushwa.

Hatua ya tano: Kagua msimbo wa kodi kabla ya kitu kingine chochote

Mwaka wa kodi huanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili inayofuata. Mamlaka ya kodi, HMRC, humwelekeza mwajiri akukate kiasi gani kwa kutumia msimbo. Msimbo wa kawaida ni 1257L, na maana yake ni kwamba pauni 12,570 za kwanza za mwaka hazitozwi kodi. Ni kiwango ambacho hakijapandishwa tangu Aprili 2021. Anayefika nchini katikati ya mwaka na kuwa mkazi hupata kiwango chote. Hakigawanywi kwa miezi aliyokuwepo.

Misimbo mingine ni ya kukutia wasiwasi. BR maana yake ni kwamba unatozwa asilimia 20 kwa kila pauni, bila msamaha wowote. Unafaa kwa kazi ya pili, lakini ukiwa kwenye kazi yako kuu unapoteza karibu pauni 210 kwa mwezi. 0T pia haina msamaha, ila inapanda kufuata viwango vya kodi. D0 inakutoza asilimia 40 kuanzia pauni ya kwanza. Msimbo wenye M1 mwishoni, kama 1257L M1, unautazama kila mwezi peke yake na kusahau miezi iliyopita.

Hilo la M1 linamhusu sana daktari anayefika mwezi Agosti. Msamaha wa pauni 12,570 ni sawa na pauni 1,047.50 kwa mwezi, na kwa msimbo wa kawaida msamaha usiotumika hujilimbikiza. Asiyekuwa na kipato tangu Aprili ana msamaha wa miezi mitano unaomsubiri Agosti, ambao ni pauni 5,237.50. Daktari wa mfano wetu, akilipwa mshahara kamili wa kwanza mwezi huo, hatakatwa kodi ya mapato hata pauni moja, na si kosa. Akiwekwa kwenye M1, atakatwa kama mtu aliyefanya kazi mwaka mzima.

Kinachoamua ni fomu ya mtumishi mpya. Ina matamko matatu. Tamko A ni la mtu ambaye hii ndiyo kazi yake ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili na hajapokea mafao yanayotozwa kodi. Tamko B ni la mtu ambaye hii ndiyo kazi yake pekee kwa sasa, lakini alikuwa na nyingine tangu tarehe hiyo. Huyu hupewa M1. Tamko C ni la mwenye kazi nyingine inayoendelea au pensheni, na huleta BR. Ukihama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda mwingine, peleka P45, hati inayotolewa unapoacha kazi, ili mwajiri mpya aone ulichokwisha kulipwa na kukatwa. Msimbo ukiwa si sahihi, wa kuwasiliana nao ni HMRC, kwa njia ya akaunti yako ya kodi ya mtandaoni. Idara ya mishahara haina mamlaka ya kuubadilisha kwa ombi lako.

Fungua akaunti hiyo mara tu unapopata namba ya Bima ya Taifa, mchango wa lazima unaoelezwa katika hatua ya sita. Unaweza kuanza kazi kabla ya kuwa na namba hiyo, mradi una haki ya kufanya kazi nchini, lakini usiiache ichelewe.

Hatua ya sita: Elewa makato matatu makubwa

Pensheni nitaianza, kwa kuwa hukatwa kabla ya kodi ya mapato kuhesabiwa. Unaingizwa katika mpango wa NHS moja kwa moja, na mchango hutegemea kipato kinachohesabiwa pensheni: 9.8% kwa kipato cha kati ya pauni 33,869 na 50,845, kisha 10.7% hadi pauni 65,190, na 12.5% juu ya hapo. Ni makato makubwa, na daktari anayetuma fedha kwa familia au anayelipa deni hushawishika kujitoa. Namsihi afanye hesabu kwanza. Kwa kila mwaka wa kazi unajipatia pensheni ya kila mwaka iliyo sawa na moja ya hamsini na nne ya kipato hicho, na sehemu hiyo hupandishwa kila mwaka kwa asilimia 1.5 juu ya mfumuko wa bei maadamu unaendelea kuchangia. Kwa mshahara wa msingi wa mfano wetu peke yake, mchango ni pauni 4,355 kwa mwaka, na pensheni iliyopatikana ni pauni 823 kwa kila mwaka wa uzeeni. Kwa kuwa jumla ya kipato chake, pauni 56,904, inavuka pauni 50,270, na hivyo mchango huo wote ungetozwa kodi ya asilimia 40, gharama yake halisi ni pauni 2,613. Mwajiri naye huchangia asilimia 23.7, ambazo ukijitoa hupewi. Na anayeondoka akiwa na uanachama wa chini ya miaka miwili anaweza kudai kurudishiwa michango yake, baada ya makato ya kodi.

Kodi ya mapato hufuata. Baada ya msamaha, pauni 37,700 zinazofuata hutozwa 20%, yaani hadi kipato cha pauni 50,270. Sehemu inayozidi hapo hutozwa 40% hadi pauni 125,140, kisha 45%. Neno la kushika hapa ni sehemu. Bado nasikia madaktari wakikataa zamu kwa kuogopa kwamba wakivuka pauni 50,270 mshahara wote utatozwa 40%. Haiwezekani. Ni pauni zilizozidi tu zinazotozwa kiwango hicho, na hakuna zamu itakayokuacha na kipato kidogo kuliko ulichokuwa nacho kwa sababu ya kiwango hiki. Eneo la kutazamwa kwa makini ni juu ya pauni 100,000, ambako msamaha hupunguzwa pauni moja kwa kila pauni mbili zinazozidi.

Bima ya Taifa ni tofauti na kodi katika mambo mawili. Huhesabiwa kwenye mshahara kabla ya kuondoa pensheni, na kila kipindi cha malipo husimama peke yake bila kulimbikiza: 8% kwa kipato cha kati ya pauni 1,048 na 4,189 kwa mwezi, na 2% kwa kinachozidi. Michango hii hujenga haki ya pensheni ya serikali, ambayo huhitaji angalau miaka 10 ya kuchangia.

Aliyesoma kwa mkopo wa Uingereza atakuwa na kato la nne, 9% ya kipato kinachozidi kiwango cha aina ya mkopo wake, kwa mfano pauni 28,470 kwa mkopo wa aina ya pili. Hakikisha aina iliyoandikwa ni sahihi. Ikiwa hujawahi kuwa na mkopo huo na unakatwa, lalamika mara moja.

Hatua ya saba: Unganisha hesabu nzima

Daktari wetu ana pauni 56,904 kwa mwaka. Kwa kurahisisha, mchango wa pensheni uwe wa mshahara wa msingi pekee, pauni 4,355; kila kipengele kingine kinachohesabiwa pensheni kitaupandisha kidogo. Zinabaki pauni 52,549. Toa msamaha wa 12,570, zinabaki 39,979 za kutozwa kodi. Pauni 37,700 kwa 20% ni 7,540, na pauni 2,279 zilizozidi kwa 40% ni 912. Kodi ya mwaka ni pauni 8,452, au 704 kwa mwezi. Bima ya Taifa kwa mwezi ni pauni 251 kwa sehemu ya 8%, na 11 kwa sehemu ya 2%, jumla 262. Pensheni ni pauni 363 kwa mwezi.

Kutoka pauni 4,742, anabaki na takribani pauni 3,412 mkononi. Fanya hesabu yako kwa mpangilio huu, iandike, na uiweke kando ya hati ya kila mwezi. Tofauti ya pauni chache haina maana. Tofauti ya pauni mia inahitaji maelezo.

Hatua ya nane: Dai kodi uliyolipia gharama za kazi

Ada ya mwaka ya usajili kwa GMC, baraza linalosajili madaktari, ni gharama ya lazima ya kazi, na sheria inaruhusu uiondoe kwenye kipato kinachotozwa kodi. Vivyo hivyo kwa bima ya kinga ya kitaaluma na ada za vyama vya kitaaluma vilivyomo kwenye orodha ya HMRC. Ada za mitihani ya vyuo vya utaalamu huingia pia ikiwa mkataba wako wa mafunzo unakulazimu kuifanya. Mitihani uliyoifanya kabla ya kuajiriwa, ili upate sifa za kuajiriwa, haiingii. Gharama uliyorudishiwa na mwajiri huwezi kuidai.

Marejesho si gharama yote. Ukilipa pauni 1,000 unapata pauni 200 ukiwa kwenye kiwango cha 20%, au 400 ikiwa sehemu hiyo ya kipato ilitozwa 40%. Madai yanaweza kurudi nyuma hadi miaka minne ya kodi, kwa fomu ya P87 au kupitia akaunti ya mtandaoni, pamoja na stakabadhi. Hakuna haja ya kampuni inayochukua asilimia ya marejesho yako kwa kazi ambayo unaweza kuimaliza jioni moja.

Hatua ya tisa: Shughulikia kazi za ziada na makosa

Zamu za ziada za hospitali kwa kawaida hukatwa kodi na mwajiri, mara nyingi kwa msimbo wa BR. Ikiwa jumla ya vipato vyako imevuka pauni 50,270, BR itakuwa imekukata pungufu, na HMRC itadai tofauti baadaye, kwa hiyo weka akiba. Kipato kinacholipwa bila kukatwa kodi, kama ada za kuandika ripoti, kikizidi pauni 1,000 kwa mwaka, jisajili kujaza ritani ya kodi kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo kuisha, na uiwasilishe mtandaoni, pamoja na malipo, kabla ya tarehe 31 Januari inayofuata.

Ukigundua kosa la mshahara, iandikie idara ya mishahara barua pepe fupi yenye kutaja mwezi, mstari wenye kosa, kiasi ulichotarajia na hesabu yake, ukiambatisha mpango wa kazi. Nakala iende kwa idara ya rasilimali watu. Usiridhike na ahadi ya simu. Ikiwa kosa ni la kulipwa kupita kiasi, litaje vilevile mapema, kwa kuwa mwajiri ana haki ya kudai fedha hiyo irudishwe. Omba makato yagawanywe kwa miezi kadhaa badala ya kukatwa kwa mkupuo.

Hifadhi kila hati ya mshahara, kila P45, na kila P60, muhtasari wa mwaka ambao mwajiri lazima akupe kabla ya tarehe 31 Mei. Nafasi ya kuingia katika mfumo wa mishahara wa hospitali hufungwa muda mfupi baada ya kuhama, kwa hiyo pakua nakala zote kabla ya siku yako ya mwisho. Na ukiondoka nchini katikati ya mwaka wa kodi, jaza fomu ya P85: kwa kuwa msamaha wa mwaka mzima unakuhusu wakati umefanya kazi miezi michache tu, mara nyingi HMRC inakuwa na fedha ya kukurudishia.